Jinsi vimeng'enya vya kaboni vinavyodhibitiwa kwenye mmea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa vyuo vya kilimo, na kwa watu wa shambani wanaotaka kujua kwa nini zao fulani lina tabia fulani. Yanaanza na misingi na kuishia kwenye mambo yanayowatatiza hata waliobobea. Pale jibu linapotaja namba ya swali jingine, maelezo kamili yako kwenye swali hilo.

## Misingi

1. Kudhibiti kimeng'enya maana yake nini? Si kikishakuwepo kwenye seli kinafanya kazi?

Kuwepo ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine. Jani la mharage saa nane usiku lina karibu rubisko yote (kimeng'enya kinachofunga kaboni dioksidi) lililokuwa nayo saa nane mchana, lakini halijengi sukari hata chembe. Protini haijaenda popote. Kilichobadilika ni hali yake.

Mmea una njia ya polepole na njia za haraka. Ya polepole ni kutengeneza kimeng'enya zaidi au kukivunja, kwa kuwasha na kuzima jeni. Hiyo huchukua saa nyingi au siku. Za haraka huchukua sekunde hadi dakika: kubandika fosfati kwenye protini au kuibandua, kufunga au kufungua daraja la salfa, molekuli ndogo kushika kimeng'enya na kukichochea au kukizuia, na kubadilika kwa pH na magnesiamu katika maji yanayokizunguka. Ukurasa huu unahusu zaidi njia za haraka, kwa sababu wingu likipita juu ya shamba, mmea hauna muda wa kusubiri protini mpya.

2. Kwa nini mmea usiache vimeng'enya vyote vifanye kazi muda wote?

Kwa sababu ndani ya kloroplasti hiyohiyo kuna njia mbili zinazokwenda kinyume. Mzunguko wa Calvin na Benson hutumia ATP na NADPH, molekuli zinazobeba nishati na elektroni, kujenga sukari. Njia ya pentosi-fosfati huvunja sukari ili kupata NADPH, na hutoa kaboni dioksidi. Zikienda pamoja, kinachojengwa kinavunjwa papo hapo, kaboni inatoka tena, na ATP inateketea bila faida.

Mmea unalizuia hilo kwa namna safi sana. Ishara inayowasha vimeng'enya vya kujenga ndiyo hiyohiyo inayozima glukosi-6-fosfati dehidrojenasi, kimeng'enya cha kwanza cha njia ya kuvunja. Ishara yenyewe imeelezwa kwenye swali la 5.

3. Ni kimeng'enya gani kinachotawala kasi ya usanisinuru?

Wengi wanatarajia jibu la neno moja, rubisko. Jibu la kweli ni kwamba utawala umegawanyika, na mgawanyo wenyewe hubadilika kwa hali.

Mzunguko una vimeng'enya 11. Vingi vinafanya kazi karibu na msawazo, vinakwenda mbele na nyuma, na havidhibitiwi sana. Vinne ndivyo hasa vinavyolindwa: rubisko, fruktosi-bisfosfatasi, sedoheptulosi-bisfosfatasi na fosforibulokinasi. Hatua zao hazirudi nyuma, kwa hiyo ukizishika hizo umeshika mzunguko mzima. Kimeng'enya cha tano, GAPDH, hudhibitiwa pia, ingawa hatua yake inaweza kurudi nyuma.

Ushahidi mzuri ulitoka kwenye tumbaku iliyopunguziwa vimeng'enya kimojakimoja kwa uhandisi wa jeni, kuanzia miaka ya 1990. Kwenye mwanga wa wastani, rubisko ilipunguzwa karibu nusu na usanisinuru haukushuka sana, kwa sababu rubisko iliyobaki ilifanya kazi kwa ukamilifu zaidi. Kwenye mwanga mkali, upungufu uleule uliumiza. Sedoheptulosi-bisfosfatasi, ambayo watu hawaitaji sana, ilionyesha tabia nyingine: hata upungufu mdogo ulionekana kwenye kasi ya jani. Anayefundisha kwamba rubisko pekee ndiyo mlango anamnyima mwanafunzi nusu ya habari.

## Mwanga na giza

4. Mzunguko wa Calvin hautumii mwanga moja kwa moja. Je, huendelea usiku?

Hapana, hata kwa mimea kama mkonge, ambayo hufunga kaboni usiku kwa kimeng'enya kingine lakini huendesha mzunguko huu mchana (swali la 14). Katika mimea ya kawaida mzunguko husimama ndani ya dakika chache baada ya giza kuingia. Sababu ya kwanza ni kwamba ATP na NADPH kutoka kwenye mwanga hukatika. Ya pili, ambayo mara nyingi haifundishwi, ni kwamba vimeng'enya vyenyewe huzimwa. Hata ukimpa mmea ATP usiku kwa namna fulani, fosforibulokinasi haitaitumia ipasavyo kwa kuwa imefungwa.

5. Vimeng'enya havina macho. Vinajuaje kwamba kumekucha?

Vinaletewa elektroni. Mwanga ukipiga klorofili, elektroni husukumwa kwenye mnyororo wa thailakoidi (tando za ndani ya kloroplasti) hadi kwa protini ndogo yenye chuma iitwayo feredoksini. Nyingi huenda kutengeneza NADPH. Sehemu ndogo hupokelewa na kimeng'enya kingine, ambacho huzikabidhi kwa thioredoksini. Thioredoksini ndiye mjumbe wa mwisho: hukifuata kimeng'enya cha mzunguko na kulifungua daraja lake la salfa.

Tazama fruktosi-bisfosfatasi kwa karibu. Kwenye kloroplasti, kimeng'enya hiki kina kitanzi cha ziada ambacho kile cha kwenye sitoplazimu hakina. Ndani ya kitanzi kuna asidi amino aina ya sisteini. Gizani, mbili kati ya hizo zimeshikana salfa kwa salfa, na umbo la protini linavutika kiasi kwamba mahali pa kazi hapakai sawa. Thioredoksini ikileta elektroni mbili, salfa zinaachana, kitanzi kinalegea, na kimeng'enya kinaanza kazi. Kwenye fosforibulokinasi ni daraja jingine mahali pengine, lakini matokeo ni yaleyale.

Mfumo huu ulifumbuliwa hatua kwa hatua na Bob Buchanan na wenzake huko Berkeley, California, kuanzia miaka ya 1960. Ni chuo hichohicho ambako Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham walichora ramani ya mzunguko wenyewe, kazi iliyompa Calvin Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba vimeng'enya havipimi mwanga wa nje bali mtiririko wa elektroni uliopo kweli. Jani likiwa juani lakini mnyororo wake umeharibika, ishara haifiki.

6. Usiku vinazimwaje? Vinachoka tu?

Havichoki, vinazimwa kwa makusudi. Elektroni zikikatika, vimeng'enya vinaoksidishwa na madaraja ya salfa yanajifunga upya. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba oksijeni yenyewe ndiyo inayofanya hivyo polepole. Sasa inajulikana kuwa zipo protini, hasa peroksiredoksini, zinazochukua elektroni kutoka kwa thioredoksini na kuzimalizia kwenye peroksidi ya hidrojeni. Zinavuta mchana na usiku. Mchana mwanga huleta elektroni kwa kasi kuliko zinavyovutwa. Usiku uvutaji unashinda.

Juu ya hapo kuna CP12, protini ndogo isiyo na umbo maalumu mchana. Gizani hujikunja na kuvibana vimeng'enya viwili pamoja, GAPDH na fosforibulokinasi, katika kifungu kimoja ambamo vyote havifanyi kazi. Mwanga ukirudi, kifungu kinavunjika ndani ya muda mfupi. Mmea haukupoteza protini wala nishati ya kutengeneza nyingine.

7. pH na magnesiamu vinaingiaje hapa?

Mwanga unaposukuma elektroni, protoni pia husukumwa kutoka kwenye stroma (maji ya kloroplasti yanayozunguka thailakoidi) kuingia ndani ya thailakoidi. pH ya stroma hupanda kutoka karibu 7 hadi karibu 8, na magnesiamu huongezeka kwenye stroma. Fruktosi-bisfosfatasi, sedoheptulosi-bisfosfatasi na rubisko zote hupenda hali hiyo. Kwa hiyo kimeng'enya kilichofunguliwa na thioredoksini kinahitaji pia maji yaliyo sawa. Ni kufuli mbili kwenye mlango mmoja, na zote hufunguliwa na jua.

## Rubisko na msaidizi wake

8. Kwa nini rubisko, kimeng'enya muhimu hivi, inahitaji kusaidiwa?

Rubisko ni kubwa na ya polepole. Ina vipande vikubwa 8 na vidogo 8. Jeni ya vikubwa iko kwenye kloroplasti, jeni za vidogo ziko kwenye kiini cha seli. Kila mahali pa kazi hufunga takribani molekuli 3 tu za kaboni dioksidi kwa sekunde, wakati vipo vimeng'enya vinavyofikia mamia ya maelfu. Ndiyo maana mmea hulazimika kuwa nayo nyingi mno, hadi karibu nusu ya protini inayoyeyuka ya jani kwenye mimea kama ngano na mpunga. Mbolea ya naitrojeni unayomwaga shambani, sehemu kubwa inaishia humo.

Ili ianze kazi, asidi amino laisini namba 201 kwenye kipande kikubwa lazima kwanza ishikwe na molekuli moja ya kaboni dioksidi, kisha magnesiamu ikae juu yake. Kaboni dioksidi hii siyo ile inayojengwa kuwa sukari. Hii inabaki pale kama sehemu ya kimeng'enya.

Tatizo ni kwamba sukari yenyewe ambayo rubisko inaisubiri, ribulosi-bisfosfati, ikifika kabla laisini haijatayarishwa, inang'ang'ania na kuziba. Molekuli nyingine za sukari-fosfati zinazozaliwa kwa makosa ya rubisko yenyewe nazo huziba hata pale palipokuwa tayari. Hapo ndipo msaidizi aitwaye aktivasi anapohitajika. Ni protini inayotumia ATP kuivuta rubisko hadi ifunguke na kuitema molekuli iliyokwama.

Iligunduliwa kupitia mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis. Mwaka 1982 Chris Somerville, Archie Portis na William Ogren waliripoti mmea ulioshindwa kuishi kwenye hewa ya kawaida ingawa rubisko yake ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni aktivasi.

Aktivasi nayo inadhibitiwa. ADP, inayobaki ATP ikitumika, huizuia, hivyo ATP ikipungua kwenye stroma inapunguza kasi. Kwa mimea mingi, toleo lake refu lina daraja la salfa linalofunguliwa na thioredoksini (swali la 5). Kwa njia hiyo rubisko, ambayo haiguswi na thioredoksini moja kwa moja, nayo huletewa habari za mwanga.

9. Kuna mimea inayoifunga rubisko usiku kwa kizuizi maalumu?

Ipo. Maharage na viazi mviringo hutengeneza sukari-fosfati moja iitwayo CA1P, inayofanana sana na hatua ya katikati ya kazi ya rubisko. Usiku hukaa mahali pa kazi na kuziba. Asubuhi aktivasi huitoa, kisha kimeng'enya kingine huivunja isirudi. Ngano haina tabia hii kwa kiwango cha maana, kwa hiyo usichukue matokeo ya zao moja ukayapachika kwa jingine.

10. Kwa nini usanisinuru hushuka siku za joto kali hata kama maji yapo?

Sababu mbili zinakutana. Ya kwanza, joto likipanda rubisko hukosea zaidi, inashika oksijeni badala ya kaboni dioksidi, na mmea unalazimika kutumia nishati kurekebisha kosa hilo. Ya pili ni aktivasi. Rubisko yenyewe huvumilia joto kubwa, lakini aktivasi huharibika mapema zaidi. Rubisko nzima bila msaidizi wake huziba polepole, na kasi ya jani inashuka.

Jambo linalofanana na hilo hutokea kivulini. Jani la chini kwenye shamba la kunde au muhogo hupata jua kwa vipindi, upepo ukisogeza majani ya juu. Jua linapofika, elektroni zinatiririka mara moja, fruktosi-bisfosfatasi inafunguka ndani ya dakika moja au mbili, lakini rubisko huchukua dakika kadhaa kurudi kwenye nguvu kamili. Kabla haijafika, kivuli kinarudi. Kwa siku nzima, hasara hiyo ya dakika chachechache si ndogo, na ndiyo sababu watafiti wa mazao wanaiandama aktivasi kwa bidii.

## Sukari au wanga

11. Jani linaamuaje kiasi gani kiwe sukari ya kusafirisha na kiasi gani kiwe wanga?

Anayeamua ni fosfati, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote hapa.

Mzunguko hutoa sukari fupi zenye kaboni tatu na fosfati moja. Kwenye utando wa kloroplasti kuna mlango unaozitoa nje kwa sharti moja: kila moja inayotoka lazima fosfati moja iingie. Nje, kwenye sitoplazimu, sukari hizo hujengwa kuwa sukrosi, na fosfati huachiliwa irudi. Sukrosi ikitengenezwa na kusafirishwa kwa kasi, fosfati inarudi kwa kasi, na kaboni inazidi kutoka. Sukrosi ikirundikana, fosfati inakwama nje, na kaboni inabaki ndani.

Ndani ya kloroplasti anayesoma hali hiyo ni ADP-glukosi pirofosforilasi, kimeng'enya cha kwanza cha kutengeneza wanga. Huchochewa na asidi ya fosfogliseri, zao la kwanza la rubisko, na huzuiwa na fosfati. Kaboni nyingi na fosfati kidogo: wanga unajengwa. Kaboni kidogo na fosfati nyingi: unasimama.

Upande wa sitoplazimu kuna walinzi wawili. Wa kwanza ni fruktosi-bisfosfatasi ya huko, ambayo haiguswi na thioredoksini bali huzuiwa na molekuli iitwayo fruktosi-2,6-bisfosfati. Asubuhi sukari fupi zinapoanza kutoka, molekuli hii hupungua na njia ya sukrosi hufunguka. Alasiri sukrosi ikijaa, huongezeka tena na njia hubanwa. Wa pili ni sukrosi-fosfati sintasi, ambayo huchochewa na glukosi-6-fosfati, huzuiwa na fosfati, na hupunguzwa nguvu inapobandikwa fosfati kwenye asidi amino fulani aina ya serini. Mmea ukikosa maji, serini nyingine hubandikwa na kimeng'enya kinapata nguvu, ili sukari isaidie kushika maji kwenye seli.

Hakuna kimeng'enya hata kimoja katika hivi kinachojua kuna kazi gani mwilini mwa mmea. Kila kimoja kinasoma molekuli mbili tatu zilizo karibu nacho.

12. Kwa nini wanga wa jani hauishi saa sita usiku, wala haubaki mwingi asubuhi?

Chukua jaribio la darasani. Chuma jani la mharage saa 12 jioni, lichemshe, liondoe klorofili kwa spiriti juu ya maji ya moto, kisha lidondoshee ayodini: linakuwa bluu-nyeusi. Chuma jani la mche uleule saa 11 alfajiri na ufanye hivyohivyo: rangi ya ayodini inabaki karibu ya kahawia. Wanga umetumika usiku kucha kulisha mizizi na ncha zinazokua.

Katika Arabidopsis imepimwa kwamba wanga huvunjwa kwa kasi isiyobadilika usiku kucha, na kufikia alfajiri karibu wote umekwisha. Mwaka 2010 watafiti walizima taa saa kadhaa kabla ya muda uliozoeleka. Mimea ilipunguza kasi mara moja, na wanga mdogo uliokuwepo ukafika alfajiri vilevile. Mimea yenye saa ya ndani iliyoharibika ilimaliza akiba kabla ya kukucha.

Kazi ya kuvunja huanza kwa kubandika fosfati kwenye wanga wenyewe, kwenye uso wa punje, ili ulegee. Kisha amilasi aina ya beta hukata moltosi, ambayo hutoka kwenye kloroplasti kwa mlango wake maalumu. Mmea usio na kimeng'enya cha kubandika fosfati hiyo hubaki na majani yaliyojaa wanga asubuhi, huku ukidumaa kwa njaa.

13. Seli inajuaje kwamba sukari imezidi au imepungua?

Kwa wajumbe wachache. Trehalosi-6-fosfati, iliyopo kwa kiasi kidogo sana, hupanda na kushuka pamoja na sukrosi. Ikiwa juu, humzuia SnRK1, kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati) kinachosimamia hali ya njaa. Sukari ikishuka, SnRK1 huachiliwa, huzima ujenzi na kuwasha jeni za kuvunja akiba. Heksokinasi nayo, mbali na kubandika fosfati kwenye glukosi, huihisi glukosi na kupunguza jeni za usanisinuru ikizidi. Hii ndiyo njia ya polepole iliyotajwa kwenye swali la 1.

## Mahindi, miwa, mkonge

14. Mimea hii hufunga kaboni kwa PEP-kaboksilasi. Inadhibitiwa tofauti?

Ndiyo. Njia ya mahindi na miwa ilielezwa na Hal Hatch na Roger Slack mwaka 1966 huko Brisbane, Australia, kwa kutumia miwa. PEP-kaboksilasi hufunga kaboni kwenye seli za nje za jani, malati, asidi inayobeba kaboni hiyo, husafirishwa hadi seli zinazozunguka mishipa, na humo rubisko inapata kaboni dioksidi kwa wingi.

Malati hukizuia kimeng'enya hicho. Mchana kingezibwa na zao lake chenyewe kama si kinasi kinachobandika fosfati kwenye serini moja karibu na mwanzo wa protini. Kikiwa na fosfati hiyo, huvumilia malati nyingi zaidi. Giza likiingia, fosfati hubanduliwa na malati inakizima.

Kimeng'enya kinachotengeneza PEP (malighafi inayobandikwa kaboni), yaani piruvati-fosfati dikinasi, kina msimamizi wa ajabu. Protini moja ndiyo inayokiwasha na ndiyo inayokizima, na ili kukizima huchukua fosfati kutoka kwenye ADP, si ATP kama kinasi nyingine karibu zote. ADP hupanda gizani, kwa hiyo kuzima hutokea wakati wake. Kimeng'enya hicho hakipendi baridi pia, na ni mojawapo ya sababu mahindi kunyong'onyea mahali pa baridi.

Mkonge wa Tanga na Morogoro, pamoja na nanasi, hugeuza ratiba. Hufungua vitundu vya majani usiku hewa ikiwa na unyevu, PEP-kaboksilasi hufunga kaboni, na malati huhifadhiwa kwenye vakuoli. Mchana vitundu hufungwa, malati hutolewa, na rubisko hujenga sukari kwa mwanga. Kinasi ni cha aina ileile, lakini hapa jeni yake huwashwa na saa ya ndani usiku badala ya mwanga mchana. Bila mabadiliko hayo, kaboni ingezungushwa bure kati ya vimeng'enya viwili. Tokeo lake huonekana mdomoni: jani la mimea ya aina hii ni chachu alfajiri na hupoteza uchachu jioni, jambo lililoandikwa na Benjamin Heyne huko India mwanzoni mwa karne ya 19.

## Jikoni na shambani

15. Kwa nini viazi vilivyokaa kwenye friji hutoa chipsi nyeusi?

Baridi ya friji, karibu nyuzi 4, husababisha wanga wa kiazi kuvunjwa kuwa sukrosi, na invatasi ya kwenye vakuoli hukata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Kwenye mafuta ya moto, sukari hizi mbili huungana na asidi amino na kuwa kahawia iliyokolea, na pia hutoa akrilamidi, kemikali ambayo ni vyema isiwe nyingi kwenye chakula. Viazi vya biashara ya chipsi visikae kwenye friji. Viweke mahali penye giza, hewa na ubaridi wa kawaida. Vilivyokwishapata baridi vikikaa wiki mbili tatu kwenye nyuzi 15 hadi 20, sehemu ya sukari hurudi kuwa wanga, ingawa si kwa aina zote za viazi.

16. Mahindi matamu yale ya kula mabichi yana nini tofauti?

Aina moja kubwa ina hitilafu kwenye kipande cha ADP-glukosi pirofosforilasi ya punje (swali la 11). Sukari inafika lakini haiwi wanga, kwa hiyo punje ni tamu, na ikikauka husinyaa. Mbaazi zenye makunyanzi za Gregor Mendel zina hadithi ya jirani: mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya kinachotia matawi kwenye wanga ndicho kilichoharibika.

17. Tukiongeza kimeng'enya kimoja, mavuno yatapanda?

Wakati mwingine. Mwaka 1992 viazi vilipewa ADP-glukosi pirofosforilasi ya bakteria isiyotii vizuizi vya mmea, na wanga ukaongezeka. Watafiti wengine walipojaribu kwenye aina nyingine ya kiazi, ujenzi wa wanga uliongezeka lakini uvunjaji nao ukaongezeka, na akiba haikubadilika sana. Tumbaku iliyoongezewa sedoheptulosi-bisfosfatasi ilikua zaidi, na ngano kwenye banda la kioo pia.

Maoni yangu ni kwamba anayegusa kimeng'enya kimoja lazima aulize kwanza nani atakayepokea kaboni ya ziada. Jani likiwa na kasi na kiazi hakina nafasi, utaratibu wa swali la 11 na la 13 utaurudisha mmea ulipokuwa.

## Mambo yanayotatiza

18. Mzizi na kiazi haviko kwenye mwanga. Thioredoksini inafanya nini huko?

Huko elektroni hutoka kwenye NADPH, inayotokana na kuvunjwa kwa sukari. Plastidi (jamaa za kloroplasti, zikiwemo zisizo na klorofili) zina kimeng'enya kiitwacho NTRC, chenye thioredoksini yake ndani ya protini ileile, kinachotumia NADPH hiyo. Katika kiazi, vipande vidogo viwili vya ADP-glukosi pirofosforilasi hushikana kwa daraja la salfa na kupunguza kazi. Sukrosi ikifika kwa wingi daraja hufunguka. Kiazi kikikatwa kutoka kwenye mmea, ndani ya siku moja daraja hujifunga. Hapa ishara ni sukari badala ya jua, lakini mahali pa kubonyeza ni palepale.

19. Mchana jani lina nishati ya mwanga. Mitokondria zinalala?

Hazilali, ila mwelekeo wa kazi hubadilika. Piruvati dehidrojenasi, mlango wa kuingia kwenye mzunguko wa Krebs, hubandikwa fosfati mchana na kupungua kazi. Amonia inayotokana na rubisko kushika oksijeni huchochea kinasi kinachofanya hivyo. Wakati huohuo mitokondria hushughulika na glisini itokanayo na kosa hilohilo, na hutoa mifupa ya kaboni ya kutengenezea asidi amino.

20. Nimepima kimeng'enya maabara na nimepata nguvu kubwa, lakini mmea wangu unajenga kaboni kidogo. Nimekosea wapi?

Yawezekana hujakosea kupima. Umepima kitu kingine. Ukiweka malighafi ya kutosha, magnesiamu nyingi na kemikali ya kufungua madaraja ya salfa, unapata uwezo wa juu wa kimeng'enya chote kilichopo. Mmea ulikuwa unatumia sehemu tu ya uwezo huo.

Kwa rubisko, pima mara mbili: mara tu baada ya kusaga jani, halafu baada ya kuiloweka kwenye kaboni dioksidi na magnesiamu. Uwiano wa vipimo hivyo ndio hali yake halisi ya kuamshwa. Kwa sukrosi-fosfati sintasi, pima kwenye malighafi tele, kisha kwenye malighafi kidogo yenye fosfati. Tofauti inaonyesha kiasi kilichobandikwa fosfati.

Na jani ligandishwe kwenye naitrojeni ya kimiminika palepale lilipo, likiwa bado limeelekea jua. Ukilichuma na kulibeba mfukoni hadi maabara, fruktosi-bisfosfatasi itakuwa imeshaanza kujifunga njiani, na utakachopima ni giza la mfuko wako.